Geji Nayo Hupimwa: Ya Kufanya na Ya Kutofanya kwa Wenye Vyombo vya Moto wa Moshono

Haya si mawaidha. Mawaidha yapo tele kijiweni kwa bodaboda, na ni ya bure. Haya ni masharti, na yamewekwa kwa sababu moja: Moshono watu wanabishana kutwa kuhusu upepo kiasi gani uingie kwenye tairi, lakini hakuna anayeuliza kile kidude kinachotoa namba kimeipataje. Kila aina ya geji ina njia yake ya kupima, kwa hiyo ina njia yake ya kudanganya. Ukishaijua, unaweza kuibana ikasema kweli.

KABLA HUJASHIKA GEJI

Usipime upepo kwa teke. Wala kwa dole gumba, wala kwa kugonga tairi na spana huku umeinamisha sikio. Matairi ya siku hizi yana kuta laini: tairi likiwa na upepo kamili hubonyea kidogo pale linapogusa chini, na likipungukiwa robo nzima bado litaonekana lina afya. Dereva wa Fuso anayegonga matairi yake kwa nyundo anaambiwa jambo moja tu, kwamba kati ya yale mawili yaliyofungwa pamoja kuna moja limekwisha kabisa. Haambiwi lipi lina 80 na lipi lina 110.

Mwenye baiskeli nampa ruhusa ya dole gumba. Baiskeli nyingi za zamani zina valvu yenye kimpira chembamba ndani, na geji ya gari haiwezi kuifungua ili isome. Wengine wote, hakuna ruhusa.

Mji wetu wa Arusha uliwahi kutengeneza matairi yake wenyewe. Kiwanda cha General Tyre, ubia wa Serikali na kampuni ya Kimarekani, kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na matairi yake yakatembea Tanzania nzima kabla mitambo haijazimwa. Ni aibu Arusha kuendelea kupima upepo kwa kiatu.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala. Tairi baridi ni la gari lililosimama saa tatu au zaidi, au lililotembea chini ya kilomita mbili kwa mwendo wa pole. Ukitoka Moshono ukafika Kijenge umeshapitiliza, kwa hiyo usimwambie fundi kwamba umetembea kidogo tu. Tairi likizunguka, kuta zake hukunjwa na kukunjuliwa mfululizo, mpira unapata joto, na hewa iliyofungiwa ndani inaongeza msukumo. Kwa gari dogo, kila nyuzi joto 5 au 6 hubadilisha namba kwa takriban psi 1 (pauni moja kwa inchi ya mraba). Siku ya Julai inayoanza na ukungu wa Meru na kuishia na jua kali inaweza kuachana nyuzi 10 na zaidi, na hapo psi 2 zimeongezeka bila mtu kugusa kitu. Hata gari lililoegeshwa tu, matairi ya upande wa juani yatasoma zaidi ya yale ya kivulini. Usimlaumu fundi.

Usitoe upepo kwenye tairi la moto. Umetoka Arusha, umefika Makuyuni, geji inasema 38 wakati gari lako linataka 33. Acha hivyo hivyo. Walioandika 33 walijua litapanda njiani. Ukilishusha pale barabarani, kesho asubuhi utaamka na 28, na tairi la 28 linakunjika zaidi, linapata joto zaidi, linalika mabegani, na siku moja linapasuka ukiwa umejaza abiria. Madereva wa watalii wanaopunguza upepo kwa makusudi ili kuvuka mchanga au tope wanajua wanachofanya, na wanaurudisha wakifika lami. Wewe unayekwenda harusini Karatu haumo kwenye kundi hilo.

Fuata stika ya mlangoni, si maandishi ya ubavuni mwa tairi. Ile namba kubwa iliyochorwa kwenye mpira, 44 au 51, ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvushwa. Haisemi gari lako linahitaji kiasi gani. Tairi hilo hilo linaweza kufungwa kwenye Toyota IST na kwenye gari zito kuliko IST, na kila moja lina hesabu yake. Stika ipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Katika gari lililotoka Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tulizofundishwa shuleni.

Jifunze vipimo vinne kabla hujamwamuru mtu. Stika ya Japani husema kilopaskali: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, 250 ni psi 36. Pembeni yake mara nyingi kuna 2.2 au 2.3, hizo ni kilo kwa sentimita ya mraba. Bar inakaribiana nazo sana. Bar 1 ni psi 14.5. Wapo waliosoma 2.3 wakadhani stika imekosewa.

Usiogope safari ya pwani ikikupa namba usizozitarajia. Geji haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa inayotuzunguka. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya psi 2. Tairi lililojazwa 32 Kariakoo, likipandishwa hapa bila joto kubadilika, litasoma 34. Ila joto hubadilika. Baridi ya alfajiri hapa hula kile kilichoongezwa na mwinuko, na ndiyo maana wengi hawajawahi kuona tofauti. Ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, unakaribia mita 2,300, unaongeza psi 1 na kitu. Sheria ni hii: ukifika unakokwenda, gari lilale, upime upya asubuhi kwa hewa ya pale.

ZIJUE GEJI ZENYEWE

Geji ya kalamu: rudisha kijiti ndani kabla ya kupima. Geji hii ndiyo nyepesi kuliko zote na nafuu kuliko zote. Ndani yake kuna pistoni ndogo inayosukumwa na hewa dhidi ya springi, na mbele ya pistoni kuna kijiti chenye mistari. Pistoni hukisukuma kijiti nje. Ukiitoa kwenye valvu, pistoni inarudi na kijiti kinabaki pale kilipofika ili usome kwa nafasi. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Kijiti kilichobakia nje kutoka tairi la kwanza lenye 34 kitaendelea kusoma 34 kwenye tairi la pili lenye 27, kwa kuwa pistoni haikufika kukigusa.

Usiipake geji ya kalamu mafuta. Vumbi la Moshono wakati wa kiangazi ni laini, linaingia kila mahali, na likikutana na mafuta ndani ya bomba linakuwa gundi. Ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Na ikianza kukwama, itupe; bei yake haifiki thamani ya ubishi.

Geji ya mshale: chagua ambayo namba unayoitaka iko katikati ya uso wake. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ndani ya kasha la duara kuna mrija wa shaba uliobanwa ukawa bapa na kupindwa kama herufi C. Hewa ikiingia, mrija hujaribu kunyooka. Ncha yake husogea milimita chache, inavuta kijiti, kijiti kinazungusha gia, gia inazungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliusajili uvumbuzi huo mwaka 1849, enzi za mitambo ya mvuke, na mpaka leo mrija ule ule ndio unaofanya kazi kwenye kompresa ya kibandani kwenu.

Sasa, kosa la geji ya namna hii kwa kawaida hutajwa kwa asilimia ya namba ya mwisho ya uso wake, si ya namba unayosoma. Geji inayofika 160 yenye kosa la asilimia 2 inaweza kukosea psi 3 na ushee popote pale. Kwa lori lenye 110 si neno. Kwa IST yenye 33 ni karibu sehemu moja ya kumi: unaambiwa 33 nawe una 30. Geji inayofika 60 yenye asilimia 2 hiyo hiyo inakosea psi 1 na kidogo tu. Kupima tairi la IST kwa geji ya lori ni kupima sukari ya robo kwa mizani ya magunia. Halafu kuna kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: usiichomeke geji ya 60 kwenye tairi la lori hata mara moja. Mrija utanyooka kupita kiasi na hautarudi ulivyokuwa.

Usiiangushe. Ikianguka, ihesabu ni mgonjwa mpaka ipimwe. Meno ya zile gia ni madogo, na mpini wa mshale ni mwembamba.

Angalia mshale unalala wapi geji ikiwa mkononi, haijagusa kitu. Zipo geji hapa mtaani ambazo kioo kimekuwa cha rangi ya maziwa kwa vumbi na jua, na ukiisogeza uso kwa uso unaona mshale umepumzika kwenye 6. Fundi wake atakuambia, “Kaka, hiyo ni kawaida yake.” Ni kawaida yake kweli, lakini haitoshi kusema utatoa 6 kila mara. Mrija uliochoka unaweza kukosea 6 chini, 4 katikati na 9 juu. Na mshale unaolala sifuri si ushahidi kwamba geji ni nzima kwenye 35. Ni ushahidi kwamba haijafa.

Geji ya dijitali: iwashe ikiwa hewani, ndipo uichomeke. Humu hamna springi wala mrija. Kuna kipande cha silikoni chenye utando mwembamba. Hewa ikiubonyeza, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na saketi inageuza badiliko hilo kuwa tarakimu. Nyingi hujipangia sifuri wakati zinapoamka. Ukiiwasha huku imeshabanwa kwenye valvu inaweza kuchukua msukumo wa tairi kama mwanzo wake, na kila itakachosema baada ya hapo ni uongo.

Usiheshimu desimali. Geji inayoonyesha 32.5 haijathibitisha kwamba ni sahihi kuliko inayoonyesha 32. Imethibitisha tu kwamba ina nafasi ya tarakimu moja zaidi kwenye kioo. Betri ikianza kufifia, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Bunduki ya upepo: achia mkono ndipo usome. Hii ndiyo geji inayokutana na wengi wetu, ile iliyofungwa kwenye mpini wa kujazia. Hewa inapokimbia kutoka kwenye tangi kwenda kwenye tairi, geji iko njiani, inasoma msukumo wa bomba, na bomba lina zaidi ya tairi. Fundi akiwa ameshikilia anaona 35, anaridhika, anachomoa. Tairi lina 29. Dawa yake ni kuachia, kusubiri mshale utulie, kusoma, kuongeza, kuachia tena. Anayejaza kwa mkupuo mmoja bila kuachia hajapima kitu.

Taa ya dashibodi: usiisubiri. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone kupasuka kwenye magari ya Ford Explorer na watu kupoteza maisha, na kufikia magari ya toleo la 2008 kila gari dogo jipya nchini humo lilipaswa kuja na taa ya upepo. Lakini hapa kwetu usiitegemee. Kwanza, magari mengi yaliyotumika tunayoyaagiza Japani hayana taa hiyo. Pili, hata lililo nayo, kiwango cha Marekani kinairuhusu kunyamaza mpaka upepo upungue kwa robo. Gari la 32 litakuamsha likiwa na 24. Tatu, kihisi chake kimekaa ndani ya rimu na betri isiyobadilishwa. Baada ya miaka kadhaa hufa, na fundi asiyejua kipo humo hukivunja kwa baa ya kubandulia tairi. Taa ni ya dharura. Geji ni ya kila wiki mbili.

KWA FUNDI PANCHA

Nenda na geji yako mfukoni. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Geji ya kibandani, chukulia kwamba mkaguzi wake ni wewe. Huna haja ya kumgombeza mtu. Muache ajaze kwa bunduki yake, kisha uiname upime kwa yako mbele yake, kwa upole, na umwambie, “Fundi, naona hapa bado mbili.” Akijibu, “Chalii angu, hiyo yako ni ya Kichina,” mwombe jirani aliye na ya tatu. Zikikubaliana mbili, ya tatu ndiyo yenye kesi.

Usilinganishe geji mbili kwenye matairi mawili. Tumia tairi moja, baridi, ndani ya dakika hizo hizo. Pima mara tatu kwa kila geji. Geji inayosema 30, 30, 30 wakati ukweli ni 33 bado inafaa. Andika “+3” mgongoni mwake kwa wino usiofutika, uitumie kwa matairi ya gari lile lile. Inayosema 31, kisha 35, kisha 28, haina dawa. Mpe mtoto achezee.

Bana kichwa cha geji wima, kwa nguvu, mara moja. Ukisikia “fssss” inayoendelea, hukupima. Umetoa upepo na namba uliyoiona iko chini ya ukweli. Kichwa cha geji kina kipini kinachosukuma kipini cha valvu, na mpira wa pembeni ndio unaozuia hewa isitoroke. Mpira huo ukikatika, geji nzima haina kazi hata kama imetoka dukani jana.

Futa mdomo wa valvu kwanza. Wakati wa masika tope la barabara zetu za ndani hukaukia humo, na ukibana geji juu yake unausukuma mchanga ndani, valvu inaanza kuvuja taratibu, kisha unalalamika kwamba tairi jipya halitunzi upepo.

Rudisha kifuniko. Kila mara. Sitaki kusikia kwamba kimepotea, kinauzwa.

Usilipe ziada kwa naitrojeni ukidhani umeaga geji. Hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Tairi la naitrojeni nalo hupungua, nalo hupanda likipata joto, nalo hupimwa.

Pima na la akiba. Hakuna linalosahaulika kama hilo, na siku utakapolihitaji utakuwa mbali na kompresa. Ile spea nyembamba iliyoandikwa “temporary” hutaka psi 60, karibu mara mbili ya wenzake, kwa hiyo hakikisha geji yako inafika huko.

Waendesha pikipiki: tairi la nyuma lina namba mbili kwenye kitabu cha chombo, ya mtu mmoja na ya watu wawili. Bodaboda ya abiria inafuata ya pili. Anayebeba abiria watatu hana namba yoyote katika kitabu chochote, na mimi sitamtungia.

MALORI, TIPA ZA MORAM, MABASI

Tumia geji ya vichwa viwili, kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma. Tairi la ndani kati ya mawili ya pamoja, valvu yake imegeukia usipofika kwa geji ya kawaida, na ndiyo maana halipimwi. Likipungukiwa, mwenzake wa nje anabeba mzigo wote na hakuna anayeona.

Usilijaze tairi la lori lililotembea bila upepo likiwa bado limefungwa kwenye gari. Nyaya za ukuta wake zinaweza kuwa zimekatika ndani bila alama yoyote nje, na hewa ikirudi ukuta unapasuka kwa mstari mmoja. Toa hewa yote iliyobaki, livue, likaguliwe ndani na nje, kisha lijazwe ndani ya kizimba cha chuma.

Tumia bomba refu, lenye kichwa kinachong'ang'ania valvu chenyewe, na geji iwe upande ulipo wewe, mita kadhaa kutoka kwenye tairi. Simama usawa wa kashata ya tairi, yaani ule uso unaogusa barabara, kamwe si mbele ya ubavu wake. Kwa rimu zenye pete, usiinamie pete kuangalia kama imekaa, wala usiipige nyundo tairi likiwa na upepo. Pete inayoruka haimpi mtu nafasi ya kukwepa.

Na watoto wanaokuja kutazama kompresa ikinguruma, wafukuze. Wakirudi, zima mashine mpaka waondoke.